Shingo ya Mama Kwenye Lifti

Jumatatu, 9 Juni

Ijumaa ya wiki ijayo wazazi wanakuja darasani kutuangalia tukisoma. Zimebaki siku kumi na moja. Lazima niandike ukweli mahali fulani.

Mwaka jana Mwalimu Seok alimtazama mama, akaniuliza kama huyo ni bibi yangu. Nikasema ndiyo. Mama alikuwa karibu, alisikia. Akainama kumsalimu mwalimu polepole, kama wainamavyo mabibi, akakaa saa nzima akiwa bibi. Hajawahi kulitaja jambo hilo. Mimi hulikumbuka kila nikipiga mswaki.

Mama alinizaa akiwa na miaka arobaini na minne. Sasa ana hamsini na minane na duka la kurekebisha nguo. Miaka thelathini ya kuinamia cherehani imemshusha kidevu, na mashavu yamekifuata. Mama yake Tak Yu-bin, wa darasani kwetu, hudhaniwa dada yake. Ni meneja katika kliniki ya ngozi.

Leo Yu-bin kagawa vipeperushi vya kliniki hiyo. Mama mmoja atakazwa taya na shingo bure, kwa mawimbi ya sauti. Hakuna kisu, hakuna sindano. Kinachotakiwa ni picha na insha ya binti yake. Insha! Hapo hakuna wa kunishinda.

Yu-bin alisema yeye hatashiriki, maana mama yake hana cha kukazwa. Alisema kwa upole. Upole wake ndio unaokera.

Jumanne, 10 Juni

Nilimpiga mama picha dukani. Nilimwambia ni kazi ya shule kuhusu ajira za wazazi. Akaomba kwanza achane nywele. Nikamwambia hakuna haja. Nikachuchumaa nipate shingo kutokea chini. Akatabasamu, na kila akitabasamu mashavu yalipanda, picha ikaharibika. Nikamwomba asitabasamu. Akatii mara moja. Nimeona haya, lakini picha imetoka vizuri, yaani vibaya.

Insha: maneno mia tatu. Sentensi niliyoifanyia kazi zaidi ni hii: “Kidevu cha mama yangu kimeshuka kama soksi iliyokwisha mpira.” Tamathali ya usemi, fupi, tena inaonekana. Mwalimu wa lugha angeipigia mstari.

Fomu ya idhini ilitaka muhuri wa mama, ule wa jina lake anaougonga benki. Uko kwenye kopo la vifungo. Niligonga mara moja tu. Karatasi ya pili sikuisoma. Ilikuwa na herufi ndogo mno.

Alhamisi, 12 Juni

Tumeshinda! Mama Yu-bin alinipigia mwenyewe. Alisema shingo kama hiyo haipatikani kirahisi. Sikujua kama nishukuru. Nikashukuru.

Nikamuuliza kama mama atakuwa amekazika kufikia tarehe ishirini. Akacheka. Alisema ngozi hujikaza taratibu yenyewe, na matokeo huonekana baada ya miezi miwili au mitatu.

Miezi mitatu! Kumbe nilihitaji mama aliyekazwa tangu mwezi Machi.

Na bado sijamwambia kwamba ameshinda.

Jumamosi, 14 Juni

Yametokea hapa hapa kwenye jengo letu.

Tulikuwa tunapanda lifti, mimi, mama na Mama Hwan wa ghorofa ya tisa. Kwenye kioo cha matangazo ikatokea shingo. Macho yalikuwa yamefunikwa kwa mstari mweusi, lakini shingo ilijaa kioo chote. Juu yake, kwa herufi kubwa: KAMA SOKSI ILIYOKWISHA MPIRA. Chini yake, jina la kliniki.

Mama Hwan alicheka mpaka akajishika ukutani. “Jamani, hii si shingo, hili ni pazia. Hivi huyu mama hana watoto wa kumwambia?”

Mama aliitazama picha. Kwenye picha kulikuwa na kola ya maua ya zambarau aliyoishona mwenyewe. Ndiyo aliyokuwa ameivaa. Akainua mkono taratibu, akaifunika kola yake.

“Labda ni mtu wa kuinama sana,” alisema.

Mama Hwan alishuka ghorofa ya tisa. Sisi tunakaa ya kumi na nne. Ghorofa tano. Sijawahi kusafiri mbali hivyo.

Jumapili, 15 Juni

Mama kavaa skafu. Joto la mji wetu wa Daegu, nyuzi thelathini na tatu. Alimwambia baba kwamba shingo imeshikwa na baridi. Baba akaenda duka la dawa, akarudi na plasta za joto, akambandika mwenyewe mbili. Mama alikaa nazo, jasho linamtiririka, akisema zinasaidia.

Nikapata mpango. Kama hakuna anayepanda lifti, hakuna anayeona kioo. Nikaandika karatasi nzuri: LIFTI MBOVU. TAFADHALI TUMIENI NGAZI. Nikaibandika chini, kwenye mlango wa lifti.

Saa kumi jioni nilimkuta mama amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya kumi, na skafu yake, na furushi la suruali kumi na moja za wateja. Nilimbebea furushi ghorofa zilizobaki. Akanishukuru. Halafu akasema tangazo la lifti limeandikwa kwa mwandiko mzuri sana.

Nikashuka kulibandua.

Jumanne, 17 Juni

Nilikwenda dukani baada ya shule kukiri. Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Mama hakuusubiri. Alisema, bila kuinua macho kwenye cherehani, kwamba anayempiga picha dukani ni mtu mmoja tu.

Nikaanza kueleza kwamba ilikuwa zawadi. Akasimamisha cherehani.

“Soksi imenichekesha kidogo, Da-rim. Kweli. Lakini mwaka jana uliposema mimi ni bibi yako, nilijiambia ni haya tu za mbele ya mwalimu, mtoto ameshtuka. Sikujua kwamba hata ukiwa peke yako na kalamu bado unanionea haya.”

Nililia. Akanipa kitambaa cha kufutia machozi, kipande kilichobaki kwenye gauni la mtu. Akasema Ijumaa hatakuja, ana kazi nyingi. Kisha akaendelea kushona.

Jumatano, 18 Juni

Mama kafunga duka mchana. Hajawahi. Tukaenda kliniki, yeye mbele, mimi nyuma, na skafu katikati yetu.

Alimwambia Mama Yu-bin aiondoe picha, maana hakumpa mtu ruhusa. Mama Yu-bin akaleta fomu, kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akamwonyesha muhuri. Akasema kama si yeye aliyeugonga, basi kuna mtu amefanya kosa la kisheria, na kliniki italazimika kumtafuta.

Mama aliutazama ule muhuri kwa muda mrefu. Mimi niliyatazama mazulia.

“Niligonga mimi,” akasema. “Nilisahau tu. Umri huu, mwanangu.”

Halafu akapatana naye kama anavyopatana na wauza vitambaa. Picha iondoke kwenye lifti leo hii, na yeye atalala kitandani mwao wamkaze, wapate matokeo ya kuonyesha wateja, kama mkataba unavyosema. Wakakubaliana.

Dakika arobaini. Kupitia pazia nilisikia mashine ikilia ti, ti, ti, na mama akihesabu chini kwa chini, kama anavyohesabu mishono. Alifika mia tatu na kitu. Alitoka shingo nyekundu, taya limevimba upande mmoja. Alisema ni kama kupigwa pasi na nguo bado iko mwilini.

Hakunigombeza njia nzima. Ningependa angenigombeza.

Ijumaa, 20 Juni

Somo la hesabu. Wazazi wamepanga mstari nyuma. Mama Yu-bin anang'aa kama bakuli jipya. Nafasi ya mama yangu tupu.

Dakika ya kumi na tano mlango ukafunguka. Mama. Hana skafu. Wekundu wa shingo umepungua, uvimbe umezidi mashavuni. Mwalimu Seok akainama, akaanza kusema karibu, wewe ni... akasita.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita.

“Huyu ni mama yangu,” nikasema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. “Alinizaa yeye.”

Darasa zima likageuka. Mwalimu akasema asante, Da-rim, sasa tutafute x. Mama akainama haraka, kama mtu wa miaka thelathini, akaenda kusimama kando ya Mama Yu-bin. Niligeuka mara mbili. Mara ya pili alinionyesha kwa kidole nitazame ubao.

Jumapili, 22 Juni

Tumekula tambi baridi, sisi watatu. Mama amenisamehe. Alinipa yai lake. Nimemwahidi kwamba sitamfanyia jambo lolote tena bila kumwuliza. Niliahidi kwa moyo wote.

Lakini moyo unaniuma kwamba hakuna anayejua alichokifanya. Mama kama huyu, na majirani wanamjua kwa shingo tu! Kwa hiyo nimeandikia kipindi cha asubuhi cha redio, kile kinachosoma barua za wasikilizaji, ambacho mafundi wote wa soko lenye duka la mama hukisikiliza. Kurasa nne. Nimeeleza yote: soksi, muhuri nilioiba, na jinsi alivyomdanganya meneja wa kliniki ili kuniokoa. Nimetaja majina, ili wasije wakamsifu mtu mwingine.

Wamejibu jioni hii kwa barua pepe. Itasomwa kesho saa tatu, na zawadi ni jokofu la kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachushwa. Mama bado hajui. Nataka iwe furaha ya ghafla.