Siku Sululu Alipoonekana Nyuma ya Tanuri la Matofali

Sogezeni viti, enyi mlioketi mbali, nanyi mliosimama mlangoni ingieni, msituzibie mwanga. Redio izimwe. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwani habari inayokuja haipendi kukatizwa. Wako waliosimulia miji iliyozingirwa na majeshi yaliyovuka mito kwa farasi. Hao tumewasikia, tukawashukuru, tukaenda kulala. Leo inanenwa habari ya Mpiga Taipu, mjane, mwenye magoti mawili mabovu na macho mawili mazima, na jinsi alivyomwona ndege mmoja wa rangi ya udongo katika bwawa lililo nyuma ya tanuri la matofali, siku ya Jumamosi, majira ya vuli, naye akaaminiwa. Kumwona hakukuwa rahisi. Kuaminiwa ndiko kulikokuwa vita.

Mpiga Taipu huyu ndiye aliyekaa miaka thelathini na mmoja katika chumba cha pili cha mahakama, dirisha likitazama choo, akipiga hukumu za watu mia kwa mia bila hata mara moja kuinamisha macho kwenye vitufe. Mahakimu sita walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Wezi walisomewa vifungo vyao katika karatasi zake, ndugu waliogombania mipaka wakapatanishwa katika karatasi zake, wala haikuwahi kutokea herufi ikakaa pasipo pake, isipokuwa mwaka ule wa homa, nao haujadiliwi.

Marehemu mumewe alikuwa mpima ardhi, na katika kupima ardhi akawapenda ndege walioishi juu yake. Alipokufa alimwachia mkewe darubini yenye ukungu katika jicho la kushoto, pamoja na kazi moja ambayo haikukamilika: kwa miaka kumi na mmoja, kila vuli, ndege wageni wanapoikimbia baridi ya kwao na kushuka katika mabwawa yetu, alimtafuta sululu katika bwawa lile, na kwa miaka kumi na mmoja sululu hakuonekana.

Msimchanganye, enyi wasikilizaji, na sululu ya kuchimbia mitaro. Jirani mmoja alichanganya. Alibisha hodi na sululu yake mkononi, imefungwa kwa gunia, akasema, "Si ungeniambia tu, mama? Miaka yote hii mnahangaika, na mimi ninayo stoo!" Sululu wetu ni ndege asiyezidi ngumi mbili, mgongo wake kama majani makavu, mdomo wake mrefu na umenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Hukaa katika nyasi za matope akakuona wewe kabla hujamwona yeye, na ukipita karibu hajitikisi, ukapita, ukaenda zako nyumbani, ukasema hayupo.

Sasa mjueni na mwingine, kwa kuwa hakuna shujaa asiye na mtu wa kumsumbua. Dada wa marehemu, wifi yake Mpiga Taipu, alikuwa Sista Mkuu wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu, na kwa urithi wa kaka yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa daftari la Chama cha Watazama Ndege, chenye wanachama saba. Daftari lile lilikuwa na sheria moja, nayo haikupindwa kwa machozi wala kwa chai: ndege haandikwi mpaka watu wawili wamwone, wote wawili, kwa macho yao.

Na vuli iliyotangulia, mbele ya wanachama wote, Mpiga Taipu alipanda juu ya kichuguu, akanyoosha mkono, akapaza sauti hata bata wakaondoka: "Sululu! Sululu yule pale!" Darubini zikainuliwa. Kisha Wifi, kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo cha joto, akatamka, "Wifi, ile ni kandambili."

Naam, ilikuwa kandambili. Ya mguu wa kulia, kahawia, ukanda wake umekatika na kusimama juu kama mdomo. Kabla wiki haijaisha Mpiga Taipu alikuwa akiitwa Mama Kandambili, na muuza mkate wa sokoni, ambaye hajawahi kuona darubini maishani mwake, alimuuliza kama ya kushoto nayo ameiona.

Mwaka mzima aliyameza hayo. Vuli iliporudi, asubuhi ile ya Jumamosi, akajivika silaha zake: koti la mvua lililokosa kifungo cha tatu, darubini shingoni, simu yake ya vitufe ambayo binti yake amemsihi mara nyingi aitupe, na buti za mpira za mkwewe, kubwa kwake kwa namba mbili, zilizojazwa magazeti kwenye ncha.

"Mama, na mvua hii?" akasema binti yake, amesimama jikoni na kikombe. "Si ungengoja Jumamosi nyingine?"

Mpiga Taipu akageuka mlangoni, akanena: "Mwanangu, ndege ametoka mbali kuliko unavyojua, amepita juu ya bahari na jangwa, hana koti, hana mwavuli, na amefika. Mimi natoka hapa mpaka kwenye tanuri. Niambie tena habari ya mvua."

Binti yake akaweka kikombe, akamfunga koti kwa vifungo vilivyobaki.

Kwenye lango la tanuri alimkuta Wifi peke yake, wima kama nguzo ya umeme, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndani ya mwingine.

"Umekuja," akasema Wifi.

"Nimekuja. Wenzetu wako wapi?"

"Wameogopa kulowa. Mfamasia anasema ana mafua. Mfamasia!"

"Basi tuko wawili."

"Sheria inataka wawili," Wifi akasema. "Lakini wawili walioona, wifi. Siyo mmoja aone, mwingine ahadithiwe. Na simu iwe mtetemo tu."

"Iko mtetemo."

Wakavuka uwanda wa vichaka, ambako mbigili ziliwashambulia kwa safu, za mbele zikishika pindo na za nyuma zikishika soksi. Wakawapita mbuzi wa mwenye tanuri, kabila lisilotii mtu. Wakafika bwawani, na hapo jeshi la vuli likaonekana limepiga kambi: yangeyange weupe, wamesimama kama mashuka yaliyoanikwa, mnandi weusi juu ya nguzo, mabawa wazi, wakijikausha katika mvua bila kuona kasoro ya mpango huo, kibisi waliozama na kuibuka pale usipowatazamia, chekeamwezi wakikimbia ukingoni kama makarani waliochelewa. Wifi akawahesabu wote, akaandika. Mpiga Taipu akaenda upande wa pili, kwenye nyasi za matope, kwani pale ndipo mumewe alipokuwa akisimama.

Saa nne kasorobo matope yalimkamata. Yalianza na buti la kulia, kwa upole, na alipolivuta yakalichukua na la kushoto, na kila alipojitahidi akashuka kidogo, hata yakafika chini kidogo ya magoti yale mabovu, na shujaa wetu akasimama amepandwa kama mche wa mgomba. Alifungua kinywa amwite Wifi. Akakifunga.

Mbele yake, hatua tatu, jani moja kavu lilikuwa likipumua.

Enyi wasikilizaji, itazameni hali yake! Akipaza sauti, ndege ataruka, na hakuna mtu duniani atakayeamini kwamba Mama Kandambili alimwona sululu. Akinyamaza, ataondoka naye moyoni tu, na daftari halisomi mioyo. Wifi alikuwa hatua arobaini, amempa mgongo, anahesabu bata. Wala hakuweza kuondoa macho pale kwa kadiri ya kupepesa, kwani sululu ukimwacha kidogo anarudi kuwa nyasi.

Ndipo mkono wake wa kulia ukashuka polepole mfukoni, ukaikuta simu ya vitufe. Macho yakabaki kwa ndege. Vidole, ambavyo mahakimu sita walivitegemea, vikaanza kazi gizani, ndani ya mfuko uliolowa, na hivi ndivyo vilivyoandika: "Wifi, usigeuke ghafla. Sululu yuko mbele yangu, hatua tatu. Nimekwama. Njoo polepole." Mkato na nukta, vyote mahali pake.

Kiunoni mwa Wifi kitu kikatetemeka. Akaishusha darubini. Akatafuta miwani mfuko wa kulia, akatafuta mfuko wa kushoto, akaikuta kwenye paji la uso wake. Akasoma. Hakugeuka. Akajibu kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa mwiba, na jibu lake limehifadhiwa mpaka leo. Lilisema: "Una hakika si kandambili."

Simu ikatetemeka mkononi mwa Mpiga Taipu. Asingeweza kulisoma bila kuinamisha macho, naye hakuinamisha. Lakini alikuwa ameishi na wifi yake miaka arobaini. Vidole vikaandika: "Sisomi majibu. Nikimwacha kwa macho nimempoteza. Ana mistari mitatu kichwani na anachimba matope. Kandambili haina kichwa."

Wifi akausoma ujumbe huo mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo wanachama hawajawahi kumwona akilifanya: akavua viatu. Akaja. Akaja kwa mwendo ule aliotembea nao wodini miaka mingi, kati ya vitanda ishirini na vinne, akibeba trei ya vyuma, asiamshe mtoto hata mmoja. Nusu ya njia mbuzi dume alijitokeza kwenye vichaka akafungua kinywa alie. Wifi akamtazama. Ni jicho lile lililowafanya madaktari wazima sigara zao kwenye korido, na mbuzi akakifunga kinywa chake, akarudi alikotoka.

Akafika begani kwa Mpiga Taipu.

"Wapi?" akanong'ona.

"Jani lililopinda. Shuka. Kushoto kidogo."

"Sioni."

"Usitafute ndege, wifi. Tafuta kinachocheza."

Mvua ikaongezeka. Wifi akainua darubini, akaishusha, akaifuta kwa kanga yake, akainua tena. Kisha Mpiga Taipu akasikia pumzi ya mwenzake ikikatika.

Sululu alikuwa akishona. Mdomo wote ulizama matopeni mpaka machoni, ukatoka, ukazama tena, haraka, bila kupumzika, kama mwenye kazi ya watu inayotakiwa leo. Tone la mvua lilimpiga mgongoni, akatikisa mkia mara moja, akaendelea. Walimtazama dakika nne, kwa saa ile ya kifuani ambayo Wifi alihesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Halafu ndege akasimama, akawaona, akajikunja, akaruka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, akipinda huku na kupinda kule, juu ya nyasi, juu ya tanuri, hata hakuwepo.

Wifi akaiacha darubini ining'inie shingoni.

"Ni yeye," akasema Wifi.

"Ni yeye."

"Kaka angetuhadithia hii miaka kumi."

"Na angesema yeye ndiye aliyemwona kwanza."

"Ungemwachia?"

"Ningemwachia," akasema Mpiga Taipu.

Wifi akaifuta miwani, ikalowa, akaifuta tena. "Wifi, lile jina lako. Lilianza kwangu. Nilimwambia muuza mkate, nikijua hana siri."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Muuza mkate. Si hana siri?"

Wifi hakucheka. "Siku ile ulipopaza sauti, niliamini," akasema. "Nukta moja tu, lakini niliamini. Nikageuka pembeni nimwonyeshe kaka. Nikakuta pale hakuna mtu. Basi nikakasirika, na wa kumkasirikia ulikuwa wewe."

Mpiga Taipu alikuwa na hotuba ya jambo hili. Aliitunga mwaka mzima, akiosha vyombo, akingoja maji yachemke, na ilikuwa na sehemu tatu. Akaitafuta, asiione.

"Nivute basi," akasema. "Miguu imekufa ganzi."

Wifi akamshika kwapani, akavuta kama alivyovuta wengi kuja duniani, akisema, "Pumua. Usikaze. Pumua," na mguu wa kushoto ukatoka na buti lake, na wa kulia ukatoka na gazeti tu.

Jumapili saa kumi wanachama saba walikutana katika chumba cha nyuma cha duka la dawa, kati ya maboksi ya pamba. Mfamasia, mwenyekiti, aliyepona mafua usiku huo huo, akafungua kikao. Wifi akasimama na daftari, akasoma: sululu, mmoja, nyasi za matope, saa nne kamili asubuhi, mvua nyepesi.

"Nani alimwona?" akauliza Mfamasia, kama sheria inavyotaka.

"Mke wa kaka yangu."

"Na shahidi?"

"Shahidi ni mimi," akasema Wifi, "na mwenye swali aniulize mimi."

Viti vikasukumwa nyuma, kimoja kikaangusha boksi, na wanachama wote wakasimama; mmoja wao, mpaka rangi wa nyumba, mzee wa maneno machache, akavua kofia yake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mkutano mkuu. Mfamasia akatangaza kwamba tangu daftari lifunguliwe halijapokea ndege wa namna hiyo, kwamba siku hiyo ihesabiwe miongoni mwa siku kubwa za chama, na kwamba mwonaji mwenyewe aseme maneno ya kuandikwa chini ya jina la ndege, ili watakaokuja wayasome.

Mpiga Taipu akasimama, ameshika ukingo wa meza. Kalamu ya Wifi ikainuliwa juu ya karatasi.

"Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani," akasema.

Na hivyo ndivyo yalivyoandikwa.