Mnywaji wa Mwisho wa Pankratz

Jumatatu, 3 Machi

Mimi, Lester Vondrak, nimezaliwa na bahati kama wengine wanavyozaliwa na makengeza. Haitoki. Ushahidi? Siku kiwanda cha bia cha Pankratz kilipofungwa, mwaka wa 1979, chupa ya mwisho kabisa kwenye mkanda ilitua mkononi mwangu. Si mkononi mwa meneja. Si mkononi mwa meya, ambaye alikuja na tai. Mwangu! Niliinywa nimesimama, wanaume wazima wakilia. Nimeisimulia habari hii miaka thelathini na mitano na haijachakaa. Kila mwaka inanenepa.

Leo imezaa matunda. Ameingia baani kwa shemeji Bernadine mwanamke kijana kutoka Milwaukee. Jina lake Maren Tollefson, lakini shati lake la fundi limeandikwa "Earl" kifuani. Nikadhani ni la marehemu baba yake. La. Kalinunua dukani, tena ghali. Kazi yake ni kufufua bia zilizokufa. Anasema vijana wa mjini wamechoka na bia za maua na maganda ya machungwa. Sasa wanataka bia rahisi ya babu zao, kwenye kopo baya. Kampuni yake imenunua jina la Pankratz, bata wetu wa njano wa kwenye nembo, na hata maneno yetu ya tangazo: "Pankratz. Inatosha."

Shida yao ni moja. Daftari la mpishi wa mwisho wa bia lina mapishi mawili, na hawajui ni lipi lililokuwa likiuzwa. Wanataka wanywaji wa zamani waonje. Tukiitambua, pipa la kwanza litapikwa hapa hapa Neuheim, kwenye jengo la zamani nyuma ya baa, na baa ya Bernadine itakuwa nyumbani kwa Pankratz. Tusipoitambua, watapika Milwaukee, sisi tubaki na bata kwenye picha.

Bernadine alifuta kaunta mahali pamoja mara tano. Kuna mtu wa matairi anataka baa hiyo iwe ghala lake, naye amempa mpaka Pasaka ajibu. Bernadine ni dada wa mke wangu. Majira mawili ya baridi kiwanda cha jibini kiliponiachisha kazi, alinilisha bila kunikumbusha hata mara moja. Basi nikasimama. Nikamwambia Maren asihangaike kutafuta: mnywaji wa mwisho wa Pankratz ndiye huyu. Akaandika jina langu. Kwa herufi kubwa!

Elroy Stueber akacheka puani kwenye kiti chake cha pembeni. Elroy aliosha matangi ya Pankratz miaka kumi na tisa, na maneno yake ya wiki nzima yanaenea nyuma ya stempu. Kila nikisimulia habari ya ile chupa husema jambo lile lile: "Sakafu ilikuwa safi sana siku ile." Wivu huo.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Majivu kwenye paji la uso. Arlene, mke wangu, kauliza najinyima nini Kwaresima hii. Mwaka jana nilijinyima peremende, na nilipofika Pasaka akanikumbusha kwamba sili peremende. Mwaka huu anataka kitu kinachouma. Bia? Haiwezekani, nina kazi ya umma. Soseji? Mimi si malaika. Nikasema: chumvi. Daktari alinikataza tangu Oktoba, kwa hiyo njaa moja, thawabu mbili. Akili!

Arlene akasema sifiki Ijumaa. Nikaapa mbele ya padri. Padri akaomba asihusishwe.

Ijumaa, 7 Machi

Samaki wa Ijumaa kwa Bernadine. Bila chumvi, samaki ni gazeti lililolowa. Chapati za viazi: gazeti la juzi. Na pale juu ya kaunta, vichupa vitano vya chumvi vimepanga mstari, vinanitazama. Elroy akanyunyizia yai lake la kuchemsha, punje moja moja, huku macho kanikazia mimi. Adui!

Imeandikwa: jicho lako likikukosesha, ling'oe. Nikaona kwamba kichupa kikikukosesha, unaweza kukitia mfukoni. Bernadine alipoingia jikoni nikavitia vyote mfuko mmoja wa koti langu la kuwindia. Sikuiba. Nimevihifadhi hadi Pasaka, kwa ajili ya roho yangu.

Bernadine katoka, kakuta kaunta iko wazi, kalaumu wacheza boling, wale wa kuangusha pini kwa mpira, ambao hunywa hapa. Nikajitolea kuongoza uchunguzi.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi. Hakuna bondia anayepanda ulingoni bila mazoezi. Nilikumbuka kuwa kwenye boti yangu ya kuwindia bata, chini ya nyavu, limo kopo la Pankratz la mwaka wa 1978. Limevimba kidogo, kama mtu aliyekasirika. Nililifungua. Likapiga chafya. Rangi: chai. Ladha: misumari. Kisha siki. Kisha misumari tena. Nililinywa lote ili ulimi ukariri.

Baadaye. Naandika nikiwa nimekaa mahali ambapo watu hawaandiki. Arlene anapita nje ya mlango akiuliza kama mnywaji wa mwisho bado anavuta pumzi. Cheka, mama, cheka. Ladha nimeikariri.

Jumatano, 12 Machi

Bado.

Ijumaa, 14 Machi

Siku yenyewe. Baa ilijaa kama haijajaa tangu mazishi ya mzee Pankratz. Nilivaa koti la kuwindia, kwa heshima ya shughuli, na kwa sababu sikuwa nimepata pengine pa kuvificha vile vichupa. Maren kaja na shati jingine. Leo ni "Duane". Padri alikuwepo pia, na samaki wake, meza ya dirishani.

Glasi tatu mbele yangu. Moja, mbili, tatu. Maren akaeleza kwamba mbili ni yale mapishi ya daftari na moja ni mtego, bia nyingine kabisa, ili mtu asibahatishe. Wazee wa kaunta wakaambiwa wangoje zamu yao. Bernadine akaninong'oneza: "Shemeji, tuliza moyo. Usitie chumvi leo, sema unachokionja tu." Ajabu ya dunia! Angejua kilichokuwa mfukoni mwangu.

Glasi ya kwanza: maji yaliyopita karibu na shamba la mahindi. Ya pili: maji hayo hayo, ila yamepita mbali zaidi. Hazina kitu. Ya tatu... Misumari! Siki! Misumari tena! Machozi yakanitoka. Nikapiga kaunta kwa kofi na kutangaza kwamba hii ndiyo, hii ndiyo iliyonilea, na kwamba ningeitambua hata kaburini.

Maren akafunga daftari lake polepole. Akasema, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, kwamba hiyo ya tatu ni bia ya Chicago inayochachushwa kwa makusudi, miezi kumi na minane ndani ya pipa la mvinyo, na chupa yake moja ni bei ya chakula cha mtu na mkewe. Aliiweka kwa sababu aliamini hakuna binadamu atakayeidhani ni Pankratz.

Wazee wa kaunta wakajaribu kuniokoa. Wakaonja ya kwanza, wakatikisa vichwa. Wakaonja ya pili, wakatikisa zaidi. Mmoja akasema, "Binti, samahani, lakini hii hata binamu yake siyo." Basi Maren akaanza kukusanya glasi. Milwaukee ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na theluji ilikuwa inaanguka. Bernadine akachukua kitambaa. Akafuta kaunta. Mahali pale pale pamoja.

Hapo Elroy akavuta glasi ya kwanza. Mkono wake wa kulia, ule wenye kidole nusu tangu mlango wa tangi ulipokula nusu nyingine, ukanyooka wenyewe mpaka mahali kichupa cha chumvi kilipokaa miaka yote. Ukapapasa. Hewa. Akautazama mkono wake kama mtu aliyekutana na jamaa asiyemkumbuka jina. Kisha akanitazama mimi.

"Les," akasema. "Chumvi iko wapi?"

Nikauliza chumvi gani.

"Hiyo inayovuja mfukoni mwako, bwana wee. Umeleta theluji mpaka ndani."

Watu wote wakatazama chini. Mstari mweupe, mwembamba, kutoka mlangoni hadi kwenye viatu vyangu. Bernadine akafungua mdomo: "Lester! Wiki nzima nawatukana wacheza boling wa watu!"

Ningeweza kukana. Nimekana makubwa kuliko hayo, tena kwa ushahidi mdogo. Lakini nilimwona Bernadine na kile kitambaa. Nikatoa vichupa, kimoja kimoja, nikavipanga mbele yake. Vitano. Kimoja hakikuwa na kifuniko.

Elroy akachukua chumvi kidogo kwa ncha za vidole, akaidondosha kwenye glasi ya kwanza. Povu likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Akanywa. Akafuta mdomo.

"Pankratz," akasema.

Basi baa ikapasuka! Wazee wakanyang'anyana vichupa. Nani hapa Neuheim aliwahi kuinywa bila chumvi? Hakuna. Hata Pankratz mwenyewe hakuinywa bila chumvi. Ilikuwa ndogo kwa ladha na chovu kwa povu, na chumvi ilitibu yote mawili. Baba zetu walibeba chumvi kwenye karatasi mfukoni mwa shati. Tulifanya hivyo kama tunavyovuta pumzi, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka. Ilikuwa mkononi, haikuhitaji daftari. Glasi ya pili ilitiwa chumvi pia, ikabaki imelala. Ya kwanza ndiyo. Mzee mmoja akatoka nje, akasimama kwenye theluji bila kofia, akarudi macho mekundu, akasema ni baridi.

Maren alikuwa anaandika mpaka kalamu inalia. Kisha akamshika Bernadine mabega yote mawili na kumwambia jambo sikioni, na Bernadine akaangusha kitambaa.

Mtu akasukuma glasi mbele yangu. Ya kwanza, imetiwa chumvi. Nikafikiri juu ya kiapo changu. Kwaresima huja kila mwaka. Nikanywa. Ilikuwa yenyewe. Padri akatazama dari kwa muda mrefu.

Jumamosi, 15 Machi

Arlene anataka nione haya. Nimemweleza kwa utulivu kwamba mambo hayakuwa kama anavyodhani. Kama vichupa vingekuwa mezani, wazee wangenyunyiza bila kufikiri na Maren asingejua siri ni nini. Mimi ndiye niliyeiondoa chumvi ili ionekane! Kwa maneno mengine, niliiokoa baa. Arlene akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia ndiyo, na njia fupi hufika mapema.

Mchana Maren kapiga simu kwa Bernadine. Kwenye kopo jipya, kando ya bata, wanataka picha ya mkono unaonyunyiza chumvi. Nimewatumia picha tisa za mkono wangu. Mmoja umeshika chupa, mmoja umeshika samaki, mmoja umenyooshwa kama wa askofu.

Wamechagua wa Elroy. Eti kile kidole nusu "kina historia". Vyangu vyote kumi vina historia! Tatizo lao ni kwamba vimetimia.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Amefufuka, na Pankratz pia. Magari ya kutoka Chicago na Milwaukee yamepanga mstari hadi kanisani. Vijana wenye ndevu za babu zao wanakunywa kwenye kopo la njano, wananyunyiza chumvi, wanapigana picha wakinyunyiza. Mtu wa matairi kaja kumsikiliza Bernadine jibu lake, kanywa makopo mawili, kaondoka na matairi yake. Bernadine amenipa sahani ya nyama ya Pasaka bila kuulizwa. Vichupa vya chumvi sasa vimefungwa kwenye kaunta kwa mnyororo mdogo, kwa sababu ya mtu fulani.

Elroy anatia sahihi kwenye makopo. Elroy! Mtu asiyeandika hata kadi ya Krismasi.

Mimi nimesimama mlangoni, nikiwaambia wageni kwamba mkono kwenye kopo ni wangu. Siri ni kukunja kidole kimoja nusu. Binti mmoja wa Chicago akahesabu, akasema mbona vyote vipo. Nikamwambia ni majira ya kuchipua.

Na bahati, jamani, bahati haijanitupa! Maren kamwandikia Bernadine kuuliza kama kuna anayeikumbuka Schaumbach, bia ya wilaya ya jirani iliyokufa mwaka wa 1968. Wanataka kuifufua mwakani. Nimemjibu mwenyewe. Nimemwambia chupa ya mwisho ya Schaumbach niliinywa mimi, nimesimama, wanaume wazima wakilia. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini mrefu. Barua imekwisha kwenda posta.

Elroy aliisoma juu ya bega langu kabla sijaifunga. Akasema nisisahau kumwandikia Maren kuhusu sakafu.

Haya basi. Kwaresima imekwisha, na daftari hili halisomwi na mtu. Ile chupa ya mwisho ya Pankratz sikuinywa. Iliniponyoka, ikapasuka mbele ya meya. Elroy ndiye aliyepiga deki.