Kipande Changu Hakikanyagwi

Jumatatu, 3 Machi
Leo kipande changu cha barabara kimekamilika. Nasema changu kwa sababu udongo ni wangu, wa vichuguu vya shambani kwangu, umechanganywa na chokaa ukashindiliwa mpaka ukakubali. Juu yake lami. Mbele yake kipande cha shemeji, kaka wa mke wangu. Changarawe ya kilimani kwake na saruji kidogo. Udongo wa mtu mvivu.

Binti mhandisi anayefanya utafiti wa udongo wa barabara katueleza. Malori ya machimbo ya kokoto yatapita juu ya vipande vyote viwili, kisha atapima kipi kimebonyea zaidi. Udongo utakaoshinda utajenga barabara nzima, na kazi itaanzia mlangoni kwa mwenye udongo. Nikamwambia asijisumbue kupima. Akacheka, akasema babu, lazima tupime.

Mke wangu magoti yamemwisha. Kila safari ya kliniki pikipiki inamrusha kwenye mashimo, anarudi hasemi na mtu. Nimemwahidi lami mpaka mlangoni. Shemeji anasema ahadi zangu anazijua tangu nilipokuja kuposa.

Alhamisi, 6 Machi
Malori hayana adabu. Limepita moja limejaa kokoto, nikahisi limenipita mgongoni. Lakini mimi si mwenyekiti wa kamati ya barabara bure. Nimevaa fulana yangu ya kung'aa, nikapanga mapipa na kitambaa chekundu kwenye kipande changu. Sasa malori yanashuka pembeni kwenye majani, yananizunguka, yanapanda kipande cha shemeji. Shemeji kaja kuuliza mapipa ya nini. Nikamjibu huo ni utaalamu, huwezi kuuelewa.

Jumapili, 9 Machi
Nimefagia kipande changu, nikakiosha kwa maji. Mke wangu kasimama mlangoni na fimbo yake, akasema tangu tuoane hajawahi kuniona nimeshika ufagio. Kauliza kama leo nitakitandikia na shuka. Wivu tu.
Kipande cha shemeji kimeanza kuonyesha njia za matairi. Nimelala mchana usingizi mtamu.

Jumatano, 12 Machi
Binti kaja na rula yake ndefu. Kailaza kwenye kipande changu, hata unywele haupiti chini yake. Nilikuwa nimeshavaa koti la kupongezwa.
Kumbe kuna mpira mweusi umelala barabarani, kila kipande na wake, unahesabu magurudumu. Mimi nilidhani wameusahau. Kausoma mara mbili. Akasema babu, kipande chako hakijafanya kazi yoyote. Cha mwenzako kimebeba machimbo mazima na kimebonyea kidogo sana. Barabara si sahani ya kuweka kabatini. Kisichobeba mzigo hatuwezi kukipima.
Kanipa mpaka Jumatatu kipitiwe na malori.
Nimeondoa mapipa. Madereva hawarudi, wameshazoea majani. Nikasimama katikati nikiwapungia waje. Mmoja akasimama akaniambia, mzee, juzi ulitutukana tukipita, leo unatubembeleza, amua moja.

Ijumaa, 14 Machi
Akili ninayo. Mpira unahesabu magurudumu, na toroli lina gurudumu. Nimelijaza mawe. Nimepita juu ya mpira kwenda na kurudi tangu asubuhi. Mikono haishiki kijiko. Shemeji kaleta kiti akakaa kunitazama, kaniuliza kama nimehama nyumbani. Sikumjibu. Washindi hawajibu.

Jumatatu, 17 Machi
Binti kasoma mpira. Kawaita wenzake nao wakasoma. Akasema kwa heshima zote kwamba Ijumaa limepita gari la ajabu, gurudumu moja, mwendo wa konokono, linakwenda linarudi, na saa ya chakula linapumzika. Shemeji alicheka mpaka akashikilia ukuta.
Kipande changu kimefutwa. Barabara itajengwa kwa changarawe ya mvivu, na itaanzia kwake.
Nimemweleza mke wangu. Alikuwa akijikanda goti.

Alhamisi, 20 Machi
Shemeji kamwomba binti kazi ianzie mlangoni kwetu. Kasema dada yake ndiye anayeumwa magoti, yeye miguu yake mizima. Mke wangu kalia. Mimi nimeliona wazi jambo hili. Ananiogopa.

Jumatano, 30 Aprili
Lami imefika mlangoni. Nyeusi, laini, imenyooka, haina hata alama. Kama nilivyoahidi. Nimewaambia majirani wote kwamba kazi hii ni yangu.
Asubuhi pikipiki ikaja kumchukua mke wangu kwenda kliniki. Ikakuta nimeshapanga mapipa juu ya lami. Dereva kauliza apite wapi. Nikamwonyesha majani. Wamekwenda wakirukaruka mtaroni, mke wangu ameshika kilemba, akisema maneno ambayo sitayaandika.
Wanawake hawana shukrani. Kesho naongeza kamba.