Hamisi Aliposikia Adhana

Nimeadhirika leo, ndugu zangu. Nawaandikia huko Pangani mapema, kabla basi la kesho halijawaletea kisa chenye nyongeza.

Paa la makuti la chuo changu cha Kurani hapa Ngamiani lilikuwa likivuja, juu kabisa ya rafu ya misahafu, na mawingu yametanda tangu asubuhi. Mama Salimu akaniambia, "Baba Salimu, tafuta fundi. Magoti yako hayapandi tena." Nikamjibu kuwa magoti ni yangu na nayajua. (Kwa kweli huniuma hata nikipanda kitandani.)

Nikamwita Hamisi anishikie ngazi, naye ni fundi baiskeli, mtu mzima mwenye watoto watatu. Alifu aliijulia kwangu. Nikamsomesha ngazi kama nilivyomsomesha juzuu: miguu yake ichimbiwe vishimo, isisimame wima mno wala isilale mno, na mwenye kuishika asibanduke.

"Umefahamu?"

"Nimefahamu, Mwalimu."

Nikapanda na kanzu yangu. (Somo la kanzu nililisahau.) Nikafunga kuti la kwanza na la pili. Naunyoosha mkono kwa la tatu, muadhini akaita alasiri.

Nikachungulia chini. Hamisi huyoo, anaelekea msikitini, mwendo wa utulivu, kama nilivyomlea. Nilipogeuka kumwita, ngazi ikateleza, ikalala chini. Nikabaki tumbo juu ya paa, miguu inaning'inia, kanzu imenaswa kwenye boriti, na shuka yangu ya ndani, yenye kiraka cha khanga, iko wazi kwa kila aendaye kuswali.

Wote wanafunzi wangu. Wote wana adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu hiyo ngazi..."

Amekwisha pita, macho chini. Niliwafundisha mwenyewe wasitazame utupu wa mtu.

Akatoka Mama Salimu. Akaisimamisha ngazi, akaikanyaga mguuni. "Shuka."

"Na sala yako?"

"Wakati wa sala bado upo. Ukivunjika shingo, wewe hutakuwepo."

Nikashuka. Msikitini nilikuta wako rakaa ya pili. Baadaye nikamkabili Hamisi.

"Ulisema utaishika."

"Mwalimu, ulitwambia muadhini akiita, hata nyundo iliyo hewani iwekwe chini."

Maneno hayo niliyasema yeye akiwa hajaota ndevu, na mpaka leo anayo moyoni. Nani mwingine mjini ana wanafunzi kama hawa? Nikasema alhamdulillahi, tukarudi, akaishika ngazi kwa mikono miwili, nikamalizia kuti langu. Mvua imenyesha jioni hii. Misahafu haikupata hata tone.

Kesho nitalisomesha upya somo la adhana, na mlango wake wa kwanza utakuwa ngazi. Nanyi naomba msicheke. Ikiwa hamna budi, chekeni kwa zamu, mmoja abaki ameshika.