Darubini Mpya na Mawingu ya Kilcurran

Jumatatu, 4 Novemba
Nimeinunua! Darubini kubwa, ina kompyuta, inatafuta nyota yenyewe. Nimeificha kwenye banda la kuni. Mke wangu Bríd hajui. Chama chetu cha watazama nyota ndio kabisa wasijue, maana wanaamini ukinunua kifaa kipya, mawingu hayo. Na Ijumaa kijiji kizima cha Kilcurran kinakuja uwanjani kutazama sayari ya Zohali. Bríd naye amesema atakuja! Miaka thelathini ya ndoa, hajawahi kuweka jicho kwenye darubini. Sasa nimwoneshe kwa kile kidarubini changu cha kujitengenezea, huku mwenyekiti Colm amesimama kando na lidude lake la darubini? Thubutu!

Jumanne, 5 Novemba
Mawingu.

Jumatano, 6 Novemba
Mawingu, na mvua juu yake. Mkutano wa chama. Colm akatukazia macho: nani kanunua kitu? Dympna, mtunza hazina, akaapa kwamba yeye kanunua soksi tu. Mimi, kwa sauti ya upole, nikasema nimeona Colm ana kiti kipya cha kukunja. Wakamgeukia! Akajitetea eti kiti hakihesabiwi. Dympna akamwambia akirudishe dukani, mwenyekiti mzima hana haya.

Kisha nikakipa chama kidarubini changu cha zamani, nionekane mkarimu. Colm akanishika mkono, machozi yanamlenga. Hilo sikulipenda. Kioo cha kidarubini hicho nilikisugua mwenyewe juu ya meza ya jikoni, mwaka tuliooana. Bríd alikula sahani ikiwa mapajani hadi masika. Basi, yamepita.

Ijumaa, 8 Novemba
Colm karudisha kiti. Jioni anga likatakata! Nikakimbilia bandani. Mashine ikaniuliza niko wapi duniani. Nikajibu. Ikasema niko katikati ya bahari. Nikajibu tena, kwa ukali. Nilipoikokota hadi uwanjani, mawingu yamefunga, watu wanaondoka. Dympna akapiga kelele: kumbe mchawi ni wewe, Fintan, mzee mzima! Colm akauliza kiti chake atarudishiwa na nani.

Bríd ameiona. Zohali, na pete zake. Kwa kidarubini changu! Colm ndiye aliyemwelekezea. Dympna anasema aliinama, akatazama, akauliza kama hicho ndicho kioo kilichomnyima meza. Wakamwambia ndicho. Akasema basi, meza nimesamehe. Halafu akageuka kunitafuta.

Sikuwepo. Miaka yote nimeungoja uso ule, na umepita nikiwa bandani nabishana na mashine. Roho imeniuma, nimeshindwa hata kula.

Jumapili, 10 Novemba
Bríd, akinimiminia chai, kaniambia twende tena mwezi ujao, sisi wawili tu, na kile kidogo. Hataki kingine. Anataka kutazama nikiwa pembeni yake. Nimemkumbatia. Nimemwelewa kabisa, mke wangu.

Kile kidogo, ila kinastahili lenzi mpya. Na mguu mpya wa kusimamia. Nimeshaagiza, vinafika Ijumaa. Sasa nivifiche wapi? Nje kumeanza kutanda mawingu.