Mtoto wa Miaka Sabini na Mmoja Anaomba Ulezi

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale

Mheshimiwa Hakimu, Mbarara,

Pokea heshima zangu mimi Melchior, mkulima wa maharagwe, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Naandika kwa upole, ingawa upole wenyewe umebaki kidogo.

Mdogo wangu Rénovat, fundi nguo wa Kakoba, alifariki mwezi wa pili. Ameacha mtoto mmoja, Bella, wa miaka tisa, na cherehani moja iliyofungiwa dukani. Nikaja kuomba niwe mlezi wa Bella na msimamizi wa mirathi, yaani wa cherehani. Karani akatazama karatasi yetu ya kaya, akacheka kwa adabu, akasema: "Mzee, hapa wewe ni mtoto. Kuja na mama yako."

Mama yangu alizikwa kwetu Ruyigi kabla Mheshimiwa hajazaliwa. Huyo "mama" wa kwenye karatasi ni Alida, mjane wa mwanangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku tuliyoandikishwa ukimbizi pale Kabazana nilikuwa naumwa jino, shavu limefungwa kitambaa. Nikamwambia Alida ajibu kila kitu yeye. Akajibu kila kitu. Tangu siku hiyo yeye ni mkuu wa kaya, mimi ni tegemezi. Jino liling'olewa wiki ileile. Utegemezi umegoma kung'oka.

2. Baada ya msiba, Bella naye ameongezwa kwenye karatasi hiyo. Kwa hiyo mimi na yeye ni watoto wa nyumba moja. Nakubali. Basi niteuliwe kama kaka yake mkubwa. Tumepishana miaka sitini na miwili tu.

3. Mahakama ilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo. Tulikaa, watu watatu. Alida alikuwa mwenyekiti. Niliponyoosha mkono aliniambia ningoje, mtoto aseme kwanza. Mtoto mwenyewe ni Bella. Sasa mimi nilikuwa nani? Muhtasari hausemi.

4. Ikiwa mahakama itashikilia kwamba mimi ni mtoto, basi utaratibu ufuatwe wote: nami nitafutiwe mlezi, ndugu watie sahihi, afisa wa ustawi aje akague ninapolala, na nianze darasa la kwanza muhula ujao. Kaptula ya shule nitashona mwenyewe, cherehani ikifunguliwa.

5. Ili kuepusha aibu hiyo, naomba karatasi irekebishwe. Niandikiwe kaya yangu, mtu mmoja, mtu mzima kamili, kisha Bella ahamie kwangu.

Nisalimie makarani wote, hasa yule aliyecheka, na askari wa mlangoni aliyenitunzia fimbo. Alida hasalimii, kwa sababu hajui kama naandika.

Ni mimi, mtiifu kwako wewe tu,
Melchior

N.B. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo barua hii nimemtamkia Bella, yeye ndiye ameandika. Alipofika namba tano aliweka kalamu chini akauliza: "Baba mkubwa, sasa ukiandikwa peke yako, mpaka nihamie utakuwa unakula na nani?" Tafadhali futa namba tano, pamoja na nne zilizotangulia. Ulezi wa Bella mpe Alida. Wangu anao tayari. Naishia hapa: anatuita tukanawe mikono, na hii ni mara ya pili.