Taa Nyekundu ya Bwana Wiksi

Jumatatu, 6 Oktoba 1947. Temeke.
Nimechukia! Miaka yote naosha picha za Bwana Wiksi kwenye chumba cha giza, vidole vinanuka dawa. Leo Mwingereza huyo kamchagua Wilbert, aliyekuja juzi tu kutoka bara, amshikie kamera Temeke, wapige picha za kuwauzia abiria wa meli. Temeke, kwetu mie! Nimepita kwa Somoe, muuza vitumbua, nikamnong'oneza kwamba Wilbert ni mumiani. Anakamua watu damu chini ya ile taa nyekundu ya kuoshea picha. Nikamwapisha asimwambie mtu.

Jumanne, 7.
Temeke nzima inajua. Raha iliyoje! Wilbert kafika sokoni, kapigiwa yowe, kakimbia kaacha kiatu. Na kazi kaiacha. Bwana kasema kesho kamera nashika mie.

Jumatano, 8.
Ole wangu! Kumbe Somoe jina alilisahau. Kakumbuka taa tu, basi mumiani ni yeyote anayeshika kamera ya Bwana. Tulipotega kamera, kina mama wakakwapua watoto. Yowe! Nikatumbukia chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera. Bwana alikuwemo. Akaniuliza kwa upole nimefuata nini. Nikatoka mbio, fimbo nyuma yangu. Mwenye nyumba wangu, Mzee Kondo, akasimama mlangoni, akawaambia wakinitaka mie waanze na yeye. Wakarudi. Mungu amzidishie.

Ijumaa, 10.
Bwana kaniona naogopa hata kivuli. Kanipa maziwa na mayai, ati nimekonda. Akanishika mkono, akautazama mshipa. Ananinenepesha ya nini? Na ile taa, mbona nyekundu hasa? Mayai nimekula yote, lakini kwa hofu. Chumba cha giza siingii tena peke yangu.

Jumapili, 12.
Tangu asubuhi vijana wamekaa mkabala na mlango wangu, wananitazama shingo. Nimetokea uani, nikamwambia Somoe kakosea mtu: mumiani ni Mzee Kondo. Uzee wote ule, na mashavu yale yaliyojaa? Somoe kashika mdomo. Vitumbua kaviacha vinaungua.

Alasiri. Yowe tena! Mzee Kondo anagonga mlango wangu, anahema, ananiita mwanangu, ananisihi nimfungulie upesi. Nimesukuma kitanda mlangoni. Naandika mbio, wino unamwagika. Nimfungulie mumiani? Thubutu! Mtaa mzima hauwezi kumsingizia mtu.